Daftari la Nywila

Nyuma ya kaunta, chini ya mashine ya kuchapisha,
nina daftari la kurasa tisini na sita,
jalada limetafunwa na mende.
Humo ndimo serikali inamokaa
ukiiulizia Mshomoroni.

Tangu dirisha la karani lipigwe misumari
na tangazo libandikwe, Huduma Zote Sasa Mtandaoni,
hela za wazee zinapitia kwangu:
kompyuta mbili, moja huwaka ikipenda,
feni, na bango nililoliandika mwenyewe:
kuingia ishirini, kujaza fomu hamsini,
karatasi kumi.

Mwenye simu ya maana hanijii.
Kule Nyali mtu hujaza fomu yuko kitandani,
mguu mmoja nje ya shuka.
Wangu huja kwa miguu kutoka Maweni,
kitochi kimefungwa mpira kisimwage betri.

Nywila, nawaambia, ni neno la siri.
"Siri, nawe waiandika?" aliniuliza Bi Mishi Kombo.
Sikuwa na jibu. Niliandika.

Mashine yataka herufi kubwa, nambari na alama.
Umazi alitoa mwaka wa mafuriko.
Mzee Ndurya alitoa jina la mbuzi wake.
Bi Mishi aliinama, akaninong'oneza jina la mwanamume,
wala si la marehemu mumewe, mumewe nilimjua.
Nikaongeza moja mwishoni, na alama ya mshangao.
Mshangao ulikuwa wangu.

Kisha mashine huuliza: Je, wewe ni roboti?
Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto.
Mzee Ndurya akavua miwani, akaifuta kwa kikoi, akaivaa tena.
"Mwanangu, zilipoungua nyumba saba hapa
tulizima kwa mchanga na maji ya kisima.
Hilo bomba likoje?"
Nikamchagulia.
Nikathibitisha kwamba yeye ni mtu.
Shilingi hamsini.

Sisemi zamani kulikuwa pepo.
Karani yule alipenda chai, na chai yake haikuwa ya majani.
Lakini ukikohoa mlangoni alijua ni nani,
na ukichoka uliweza kumtukana akasikia.
Hii ukiitukana
inazunguka tu kaduara kake
kama ngamia wa kinu cha ufuta,
kitambaa machoni.

Siku ya mwisho ya kujisajili upya
stima ilipotea saa nane mchana.
Kibarazani walikuwa kumi na tisa.
Nikanunua bando la simu kwa pesa za maziwa ya mtoto,
nikawaingiza mmoja mmoja, kidole kwa kidole,
mpaka usiku, mbu wakitula.
Kumi na wawili waliingia.
Wale saba niliwaambia mtandao umekataa.
Mtandao haukukataa. Bando liliisha,
na mfukoni nilikuwa na mia moja
niliyoiacha ikae pale pale.
Walinishukuru. Umazi alinishika mkono kwa mikono miwili.

Mzee Ndurya tulimzika Mfungo Sita.
Alijisajili kwa nambari yangu, hakuwa na nyingine,
basi juzi ujumbe ukaingia simuni mwangu:
Mpendwa Ndurya, nywila yako imetimiza siku tisini.
Tafadhali ibadilishe.
Binti yake alikuja tumwondoe.
Fomu ya kifo ipo, tuliipata,
ila yataka mwenyewe aingie kwanza.

Mbuzi yungali hai.
Hupita hapa adhuhuri akitafuta maganda ya ndizi,
husimama mlangoni, hunitazama
kama anayesubiri zamu yake.
Jina lake nalijua, liko ukurasa wa kumi na nne,
nami siwezi kumwita.
Ni siri.